Boti ya Baba Kwenye Simu

Kanga, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Taufiki,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila Baba ndiyo hivyo, tunamshukuru Mungu. Wewe na kazi za Dar mnaendeleaje?

Ile kompyuta isiyo na skrini uliyoifunga kwenye boti ya Baba inatusumbua. Taa yake inawaka, lakini kwenye simu boti haionekani. Jana Baba alikwenda kisiwani Shungimbili, akachelewa mpaka nikawa natangatanga pwani kama mwehu. Alipofika akacheka: “Njia ya nyumbani ilinipotea, Safia.” Mtu aliyezaliwa humu humu! Mimi sikucheka.

Dada yako,
Safia

Dar es Salaam, 9 Februari 2025

Dada Safia,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Kompyuta haina ubaya. Zinazoganda ni programu za kusoma vihisi, ile ya GPS na ile ya kina cha maji, umeme wa injini ukiyumba. Nimeandika skripti, programu fupi ya kuzichungulia na kuiwasha upya yoyote iliyolala, bila mtu kugusa kitu. Boti ikiwa ufukweni penye mtandao, nitaiingiza kutoka huku.

Hilo la Baba ni uzee tu, dada. Usilikuze.

Mdogo wako,
Taufiki

Kanga, 17 Aprili 2025

Taufiki,

Salaam. Watoto hawajambo.

Skripti yako inafanya kazi. Juzi boti ilipotea kwenye simu, ikarudi yenyewe, nikaiona imeshapita Ras Kisimani, mbali na nyumbani, inakwenda zake. Nikamkimbilia jirani yetu Mfaume, akawasha boti yake akamfuata. Alimkuta Baba amezima injini, amekaa.

“Mzee, unangoja nini huku?”

“Namngoja Taufiki apande, nimpeleke shule.”

Injini nimeifungua, nimeificha. Usinitumie skripti nyingine. Njoo mwenyewe.

Dada yako,
Safia

Dar es Salaam, 28 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka huko nyumbani. Nisamehe, niliondoka ghafla kama mgeni.

Siku ile ulipokwenda shamba, nilishuka pwani kuing'oa kompyuta, maana boti haiendi popote tena. Baba alikuwa amekaa ndani yake.

“Fundi, unatoa nini?”

Nilidhani ananitania. Siku zote zile nikimwamkia aliniitikia “marahaba, mwanangu”. Kumbe kila kijana kwake ni mwanangu.

“Natoa hiki kifaa, mzee.”

“Kiache. Aliyekifunga ni mtoto wangu. Muulize kwanza.”

“Yuko wapi?”

“Dar. Kazi zimembana, lakini atakuja.”

Nikazikaza tena skrubu nilizokwisha kuzilegeza, yeye akinishikia bisibisi. Sikumwambia, dada. Niliogopa nimwambie ni mimi, kisha akatae.

Mdogo wako,
Taufiki

Kanga, 6 Julai 2025

Taufiki,

Salaam. Afya ya Baba si mbaya. Leo ameniita, akasema, “Mwandikie mdogo wako.” Nayaandika kama alivyoyasema:

“Mwanangu, sisi hatujambo. Kifaa chako kipo. Alikuja fundi mmoja kutaka kukitoa, nikamkatalia. Kijana mpole, ana adabu, lakini macho yake yalikuwa na huzuni. Sijui kwao kumetokea nini. Nimemwombea dua. Wewe utakuja lini?”

Amekaa hapa kando yangu, anasubiri jibu.

Dada yako,
Safia