Miezi Sita ya Tuneya Iliyofutwa

Garsen Kivukoni,
Mto Tana.
Tarehe 11 Septemba, 1956.

Mpendwa kaka Omar,

Kwa heshima na taadhima, na kwa huzuni isiyo na kifani, nautangazia ukoo wote, wa hapa Tana na wa huko Tanga, kwamba jino langu la mbele, la upande wa kushoto, limetutoka Jumanne iliyopita saa nne asubuhi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Limezikwa bila matanga. Shemeji yako Binti alikuwa wa kwanza kunipa pole, kisha akacheka mpaka ikabidi ashike nguzo ya nyumba.

Sasa salamu, maana najua umekwisha kunikasirikia kwa kuzichelewesha. U hali gani, kaka? Na mgongo wako uliokuumiza kwenye mikonge, umepoa? Shemeji Mwanatumu hajambo? Na Madina, bado anakataa uji kama alivyokuwa akikataa hapa, au Tanga wana uji wa namna nyingine? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mto umeshuka. Mpunga tumevuna nusu, nusu ya pili wamevuna ndege, na wao hawakulima.

Mimi bado ni yule yule wa pantoni. Kutwa navuta kamba, navusha malori na ng'ombe upande huu, kisha naanza upya upande ule. Miaka kumi na minane nasafiri na sijafika popote.

Kaka, barua yako kwa Tuneya ilifika. Yaliyomo nayajua kwa sababu mwanao alinisomea mwenyewe, tumesimama juu ya pantoni, sauti yake haipandi wala haishuki. Umemwita mvivu na mwongo. Umemwambia asikanyage Tanga, na kwamba Madina amekatazwa kumtaja kaka yake mbele yako. Alipomaliza aliikunja, akaitia mfukoni, akashika kamba, kwa kuwa lori la chumvi lilikuwa linangoja.

Ndiyo sababu ya barua hii. Habari ya jino ingeweza kungoja.

Wewe na mimi tulisoma mpaka pale mwalimu alipotuchoka, basi nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Kile chuo cha mifugo huko bara hakitoi cheti kwa mitihani ya darasani peke yake. Mwanafunzi lazima atoke, akafanye kazi kwa miezi sita penye ng'ombe wenyewe, na kila siku aandike alichofanya katika kitabu cha mazoezi. Mkubwa wa kazi akishatia sahihi, kitabu kinarudishwa chuoni, na miezi ile inahesabiwa kuwa theluthi nzima ya alama. Kitabu kikikataliwa, hakuna cheti, hata kama mtu alikuwa wa kwanza darasani. Na Tuneya alikuwa wa pili.

Lakini nafasi ya mazoezi chuo hakikupi. Unaitafuta mwenyewe. Mwanao aliandika barua Kipini, akaandika Lamu, akaandika Galole, zote hazikujibiwa. Wenzake wenye wajomba machifu walipata nafasi kabla hawajaomba. Tuneya hana mjomba chifu. Ana ami wa pantoni.

Ami wa pantoni, kaka, akatumia alichonacho. Bwana Mifugo wa hapa, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, alikuwa akivuka na gari lake kila Jumatatu. Jumatatu moja, tulipofika katikati ya maji, kamba yangu ikapatwa na maradhi. Ikagoma kabisa. Nikaichunguza kwa huzuni, na huku nikimweleza habari za mtoto wa kaka yangu.

"Mimi hapana taka mwanafunzi," akasema. "Ofisi hapana iko kiti."

"Hataki kiti, Bwana. Atasimama."

Akatazama maji, akatazama saa yake, akaitazama kamba. "Jumatatu kesho kutwa, alete," akasema, na hata siku zenyewe alizichanganya, maskini. Kamba ikapona papo hapo.

Mwezi wa kwanza mwanao alisimama kweli. Alichemsha chai, alipiga pasi kaptura, aliosha gari, na kila jioni aliandika hivyo hivyo kitabuni, "leo nimeosha gari," kwa kuwa hajui kuandika kitu ambacho hakukifanya. Mwezi wa pili sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikasikika upande wa wafugaji wa Kiorma, ndipo sindano zikatolewa. Kuanzia siku hiyo Tuneya hakulala hapa. Alifuata mifugo nyikani kwa miguu, na sanduku la dawa begani.

Mzee Guracha unamkumbuka, mwenye ng'ombe wengi kupita wote upande ule. Siku nilipompeleka Tuneya zizini kwake, akaniuliza mbele ya kijana, "Buya, huyu mla samaki ng'ombe atamjulia wapi?"

Tuneya akajibu, "Mzee, samaki nimewazoea ndiyo maana siogopi pembe. Samaki ana miiba mwili mzima."

Guracha akacheka mpaka akapaliwa na tumbaku. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Haya, mtoto ya mto. Chanja wewe. Lakini hesabu hapana. Ng'ombe ya mimi hesabu hapana."

Wajua mambo yao. Mfugaji hasemi idadi ya ng'ombe wake, wala hapendi mtu mwingine aitaje, maana kilichohesabiwa kinaanza kupungua. Anawajua mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Na kitabu cha chuo kina safu yake kabisa: "Idadi ya ng'ombe waliochanjwa." Mimi nilisimama pale nikamwekea Guracha dhamana, nikamwapia kwamba katika ukoo wetu hapatatokea mtu wa kuhesabu ng'ombe wake. Nani aliniomba kuapa? Hakuna. Lakini unanijua nikishapewa maziwa.

Basi Tuneya alichanja miezi mitano. Sotoka haikuvuka kuja huku. Alipata heshima ya mwisho kabisa ambayo Mpokomo kama sisi anaweza kupata kwa Waorma: Guracha alimwachia akamue.

Yaliyofuata umeandikiwa na chuo, na ndiyo yaliyokutia moto. Mtahini alikifungua kitabu, akaona arobaini, themanini, mia, mia na ishirini, kila siku namba iliyokwisha kwa sifuri. Akajumlisha, akapata ng'ombe elfu mbili na mia tatu. Akauliza stoo ya dawa, akaambiwa dawa iliyokuja Garsen haizidi ya ng'ombe mia tisa. Tuneya aliitwa. Aliulizwa kama kitabu ni chake, akasema ni chake. Aliulizwa mbona hati si ile ya daftari zake, akasema aliandika akiwa na homa. Miezi sita ikafutwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Aliambiwa akitaka aanze upya, mradi nafasi ajitafutie. Mpaka leo amekwisha kuandika barua saba. Nani atamchukua mtu mwenye wino mwekundu?

Hayo ndiyo yanayojulikana, kaka. Sasa nikuambie yaliyotokea.

Wiki ya mwisho Tuneya alirudi kwangu amelemewa na homa, hawezi hata kuinua kikombe. Bwana Mifugo alikuwa anakwenda likizo kwao Alhamisi, na bila sahihi yake kitabu si kitu. Tuneya akanipa kitabu nikipeleke. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kupeleka. Nikakifungua.

Kilikuwa kichafu. Kina tope, kina samadi, na ukurasa mmoja umelowa damu ya ndama. Na ile safu ya idadi ilikuwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Badala yake aliandika ng'ombe kwa rangi zao, kama alivyotajiwa: mweusi mwenye baka, mwekundu wa pembe moja, mtoto wa yule wa kijivu. Na chini ya kila ukurasa neno dogo: nusu chupa, chupa moja, nusu tena.

Nikaona kijana ataaibika. Alikuwa na kitabu kingine kipya, cha akiba. Nikamwachia mwenzangu pantoni, nikakaa kutwa nikinakili kwa hati yangu nzuri, ile niliyosifiwa darasa la nne. Safu tupu nikaijaza mimi. Ningeweza kuzihesabu zile rangi, mstari kwa mstari, lakini nilikuwa nimemwapia Guracha. Basi nikajiambia, idadi ya uongo haiwezi kuwadhuru ng'ombe wa kweli. Nikatia arobaini. Nikaona ni wachache kwa mtoto wa Omar, nikatia themanini. Zile chupa nikaona ni takataka, nikaziacha. Bwana Mifugo alitia sahihi juu ya boneti ya gari, hakufunua hata karatasi ya pili. Siku ile ile nikampa dereva wa lori kitabu akipeleke posta. Cha zamani nilikichana, Binti akakiwashia moto wa chai.

Chupa moja ya dawa, kaka, ni ng'ombe hamsini. Tuneya alikuwa amewahesabu wote bila kumhesabu hata mmoja, na hesabu yake ingelingana na ya stoo mpaka chupa ya mwisho. Hilo sikulijua mpaka aliponieleza aliporudi, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Kule chuoni aliijua hati yangu mara tu alipoiona. Nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Ami, wewe ndiye uliyenitafutia nafasi. Ningesemaje?"

Nimekwenda kwa Bwana Mifugo mpya, nikamweleza yote, nimevua kofia. Akasema sahihi ni sahihi. Nimeandikia chuo kwa hati ile ile, nikajibiwa mistari mitatu kwamba shauri limefungwa. Ninayeweza kumwambia na bado ikafaa kitu ni wewe peke yako, na wewe ndiye niliyekuogopa. Miezi mitatu ulikuwa ukimtukana mwanao kwa kosa langu, nami nikajisingizia sina karatasi ya kukuandikia. Karatasi nilikuwa nayo.

Sikuombi unisamehe mimi. Mwandikie yeye. Hajui kama nimekuandikia.

Nisalimie Mwanatumu, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Madina mwambie kaka yake hajambo, na aruhusiwe kumtaja. Binti anawasalimu. Mzee Guracha anakusalimu pia, na anasema ng'ombe wake hawajambo wote. Kwa hilo mshukuru mwanao.

Mwenyezi Mungu akulinde na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, hata ukiacha kunipenda,

Buya