Mikungu Iliyoivia Ng'ambo ya Mto

Mpendwa shemeji, muramu wangu,

Naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Niko Ihanda, kibarazani kwa dada yangu, mkeo, na ule mto wa Burma umenirudia wote, na maji yake ya rangi ya chai.

Unakumbuka tulivyolala kifudifudi vichakani, mimi na wewe na darubini moja? Kesho yake kikosi chetu kilikuwa kivuke, na kapteni alitaka kujua Wajapani wamejipanga wapi. Vivuko vilikuwa viwili. Cha juu kilikuwa na mawe na maji makali. Cha chini maji ya magotini, na ng'ambo yake kijiji kilichohamwa, migomba imebaki yenyewe. Hakuna moshi, hakuna handaki, hakuna hata kofia! Nikakimbilia kwa kapteni: "Cha chini ni kweupe, bwana!" Akachora mshale kwenye ramani. Yaani nilijiona jemadari mzima.

Niliporudi, wewe ulikuwa bado umeng'ang'ania darubini, unahesabu ndizi.

"Mikungu sita imeivia pale pale, ndege wanajilia tu," ukaniambia kwa Kinyambo, lugha ya kwetu. "Kwenye migomba ya kule juu wamekata yote, hata michanga. Yule mateka wa Kijapani wa juzi alikuwa mbavu tupu. Mwenye njaa namna ile anaachaje ndizi mbivu?"

Nikasema labda hawajaziona. Ukanitazama mpaka nikaona haya.

"Wameziona. Wanaogopa kukanyaga pale. Wametega mabomu."

Lo! Kikosi kizima, na mimi ndiye niliyekielekeza huko! Nikakuambia siwezi kurudi kwa kapteni kula matapishi yangu. Ukanishika mkanda, ukanivuta.

"Aibu utapona nayo. Twende!"

Kiswahili kilikuwa kinakukwama mbele ya wakubwa, basi ukasema kwa Kinyambo, mimi nikatafsiri. Kapteni alinuna, akafuta mshale. Asubuhi mizinga yetu ikaanza na kule juu, maana sasa tulijua walipo, ndipo tukavuka, maji yanatubamiza kwenye mawe. Tukafika! Siku ya tatu mafundi wa kutegua mabomu wakachimba kwenye ile migomba ya chini. Mabomu yamepandwa kwa mistari kama maharage! Tulikumbatiana tukarukaruka kama watu wa harusi.

Kisha kapteni akanivika mimi utepe wa koplo mbele ya wote, akisifu macho yangu. Nilikutazama, ukacheka tu. Nikanyamaza, shemeji. Muda si mrefu homa ikakuchukua, na huku nyumbani nimesimulia miaka yote kwamba zile ndizi nilizihesabu mimi.

Leo nimemkuta dada anamenya ndizi za mchana, na watoto wako wakaanza kuniomba habari za vita. Nikafungua kinywa, uongo ukagoma kutoka.

"Dada," nikasema, "aliyeona ni mumeo. Mimi sikuona kitu."

Hakuinua macho. Nikajua leo nafukuzwa.

"Nilijua," akasema. "Wewe tangu lini ukautazama mgomba? Mama alikuwa akikutuma mkungu uliokomaa, unaleta ulio mchanga!"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akaweka kisu chini, akawaketisha watoto wote.

"Haya, anza upya. Na umtaje jina lake."

Nimekutaja, shemeji! Nimekutaja mpaka koo limekauka. Nilipofika pale uliponikokota kwa mkanda, dada akacheka mpaka machozi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nirudi bila wewe.

Lala salama. Huku kwako sasa wanajua.

Mimi shemejio,
mkalimani wako tu.