Mkasi wa Baba Kwenye Kanvasi

Kaloleni,
Kisumu.
Jumanne, 13 Agosti 2024.

Mpendwa ndugu yangu Mbarak,

Assalaam alaikum wewe na wote walio chini ya paa lako huko Aberdeen. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kifua kilichomsumbua mkeo Mwanaidi tangu baridi ya mwaka jana kimepona. Ikiwa bado anakohoa asubuhi, aache ile dawa ya maji aliyonitajia, amwone daktari. Nimestaafu ufamasia, sijastaafu maoni yangu.

Sisi hapa hatujambo. Shinikizo la damu la Mama limetulia, anakula vizuri, na Jumapili alimkemea muuza samaki kwa sauti iliyosikika barabarani. Mvua imepungua. Wale wadudu wa ziwani unaowakumbuka, wanaopaa kama moshi, mwaka huu wamezidi, na utaona hapa chini kwa nini nawataja.

Nimesoma uliyoandika kuhusu mtoto wako Zamzam: kwamba anashika kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwamba unamzoesha wa kulia, kwa kuwa hata Baba alizaliwa hivyo akajirekebisha, kama ile picha yake akiwa na mkasi mkono wa kulia inavyoshuhudia. Jambo hilo nitalirudia, maana picha yenyewe imelijibu kabla yangu.

Habari ya macho ya Mama ni mbaya, nami nitaieleza kama ilivyo. Ukungu uliomo katikati ya macho yote mawili hautaondoka. Kwa pembeni bado anaona, ila nako kumeanza kufifia, na daktari hakutaka kuahidi chochote baada ya mwisho wa mwaka. Akitaka kukuona wewe uliyekaa dirishani, sharti autazame mlango. Tulipotoka kwa daktari hakulia. Tulipofika nyumbani akaniambia, “Nataka kumwona baba yenu Nasir kabla macho haya hayajafunga duka. Na usiniletee kile kipicha cha kwenye kitambulisho, maana ni kidogo kama ukucha.”

Ndiyo sababu nilikuomba picha ile uliyoondoka nayo mwaka tisini na tano. Nakushukuru kwa kuituma upesi, na kwa kuifunga katikati ya vipande viwili vya ubao mwembamba. Inarudi kwako pamoja na barua hii. Ikague: haikuguswa na gundi wala maji, na ile kona iliyolika ilikuwa imelika kabla yetu sote.

Nilikusudia kuikuza na kuihamishia kwenye kanvasi, yaani kile kitambaa kizito cha wachoraji kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Fremu nilichongewa na Absalom, seremala wa Otonglo, sentimita sitini kwa tisini. Ya kwanza ilikuwa na pembe moja isiyo mraba, nikaikataa. Akaichukua, na ya pili aliileta pamoja na kipimo chake cha pembe, akakiweka mezani.

Kazi yenyewe nilifundishwa na jirani yetu Debra, anayetengeneza picha za harusi za namna hiyo na kuziuza mtaani Mamboleo. Anatumia gundi ya mapambo inayoitwa dekupaji, ambayo ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, na ikikauka huwa kama kioo. Jaribio langu la kwanza nilibandika tu karatasi juu ya kanvasi, uso ukinitazama, kisha nikaipaka gundi juu yake. Karatasi ilitoka kwenye mashine ya wino wa maji, na wino ule ulitiririka hadi Baba akawa na ndevu ambazo hakuwahi kuwa nazo. Jaribio la pili lilitoka salama, lakini liling'aa mno. Mama aliona taa ya sebuleni, hakuona kingine.

Debra akanionyesha njia nyingine. Picha huchapwa kwa mashine ya wino wa unga, kwenye karatasi nyepesi. Kanvasi hupakwa gundi, karatasi ikalazwa kifudifudi, ikakandamizwa kwa kadi kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, ikaachwa ikauke usiku kucha. Asubuhi karatasi huloweshwa kwa sifongo na kusuguliwa kwa ncha za vidole mpaka yote itoke vinyweleo vinyweleo. Wino hubaki umeng'ang'ania kitambaa, wala haung'ai. “Madam, hii gundi si uji,” aliniambia nilipoanza kumimina. “Nyembamba. Tena nyembamba kuliko hiyo.” Niliandika hatua kumi na tatu katika daftari, na kila moja nikaiwekea dakika zake.

Uchapaji ulifanywa na kijana Vikram, ambaye duka lake huchapa ramani za nyumba za wahandisi, hivyo ana mashine pana ya wino wa unga. Debra alimpigia simu kumweleza kazi. Hapa ndipo nilipokosea, nami nakiri bila kupunguza.

Unajua desturi ya kazi yangu. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna dawa iliyotoka mkononi mwangu kabla sijalinganisha kibandiko cha chupa na karatasi ya daktari, mstari kwa mstari. Nilipofika dukani niliiweka picha uliyoituma kando ya ile iliyochapwa, nikalinganisha. Haikuwa sawa. Upande wa kulia ulikuwa umehamia kushoto. Nikamrudishia.

“Auntie, hiyo ndiyo sawa,” Vikram akasema. “Debra amesema nigeuze.”

“Debra hakuzaliwa na mtu huyu,” nikamjibu. “Mimi najua baba yangu alivyokuwa. Chapa kama ilivyo.”

Alichapa kama ilivyo. Sikuuliza kwa nini Debra aliagiza igeuzwe. Kama ningeuliza, ningejibiwa kwa sentensi moja: karatasi ikilazwa kifudifudi, picha hutokea imepinduka, kama muhuri kwenye karatasi. Mtu aliyeandika hatua kumi na tatu alipaswa kuligundua hilo peke yake.

Ijumaa baada ya swala nilipaka gundi na kuilaza karatasi. Wadudu wa ziwani waliingia kwa dirisha la jikoni. Wanne walinasa kwenye gundi mbichi, watatu nikawaondoa kwa kibano. Wa nne yumo, karibu na pindo la chini. Jumamosi asubuhi nilitandika gazeti barazani, nikalowesha, nikaanza kusugua. Kwanza ilitokea miguu ya meza, kisha cherehani, kisha mikono, na mwisho uso. Nakwambia kwa utulivu kwamba nilisimama kidogo kabla ya kuendelea. Sikuwa nimemwona akiwa mkubwa hivyo tangu alipofariki.

Debra alifika nikiwa nafuta unyevu. Akaiangalia kanvasi, akaiangalia picha ndogo, akaweka mkono mdomoni. “Madam. Umemgeuza mzee.”

Nikatazama. Katika picha uliyokuwa nayo, Baba amesimama nyuma ya cherehani, mkasi mkubwa ukiwa mkono wa kulia. Kwenye kanvasi mkasi ulikuwa mkono wa kushoto. Debra alicheka kidogo, akaona uso wangu, akaacha. Niliifunika kanvasi kwa leso kuukuu, nikaamua kuchapa upya. Duka la Vikram lilikuwa limefungwa mpaka Jumatatu, kwa hiyo nilimwambia Mama kwamba kazi haijakamilika.

“Haijakamilika vipi?”

“Ina kosa. Nitairekebisha Jumatatu.”

“Ilete.”

“Mama, nimekwambia ina kosa.”

“Na mimi nimekwambia uilete. Macho haya hayajui Jumatatu.”

Nikaileta, nikaisimamisha juu ya kiti mbele yake, nikaondoa leso. Mama aliugeuza uso akaitazama saa ya ukutani, maana akitazama hapo ndipo anaweza kukiona kilicho kwenye kiti. Alisogeza kichwa taratibu, huku na huku, kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Alinitangulia.

“Huyu ndiye,” alisema. Baadaye kidogo: “Umeupata wapi mkono wake?”

Nikamweleza kwamba ni makosa yangu, kwamba picha imepinduka. Akanikatiza. Alisema iliyopinduka ni ile uliyokwenda nayo wewe.

Hivi ndivyo alivyonieleza, nami naandika bila kuongeza. Babu, kule Mombasa, alimfunga Baba mkono wa kushoto kwa uzi utotoni, kwa kuwa mkono ule ni wa chooni. Baba alijifunza kula na kuandika kwa wa kulia, ila kitambaa hakikukubali kukatwa na mkono huo. Alipofungua duka hapa Kisumu, Babu alimwandikia akamtaka atume picha yake akiwa kazini, ili aone kama amekuwa mtu. Mpiga picha aliitwa Jitendra, naye alikuja na kamera yake hadi dukani. Baba alipigwa picha akiwa ameshika mkasi kama alivyoushika siku zote, kwa kushoto. Kisha akamwomba Jitendra aipindue filamu wakati wa kusafisha picha. Jitendra akafanya hivyo, na picha ikapelekwa Mombasa.

Babu aliifurahia. Aliitembeza mfukoni, akamwonyesha kila aliyekutana naye, na ile kona iliyolika imelikia humo. Alipofariki, picha ikarudi kwetu pamoja na vitu vyake. Nilimwuliza Mama kwa nini hakutuambia miaka yote hii, sisi ambao Baba alitufia tukiwa wadogo mno kukumbuka alivyokata vitambaa. Akasema, “Hamkuniuliza. Mliona picha, mkaamini picha.”

Nilitaka uthibitisho, nawe hutashangaa. Cherehani ya Baba bado iko pembeni mwa sebule, chini ya kitambaa. Niliketi mbele yake kama anavyoketi mshonaji. Gurudumu liko mkono wa kulia, kama lilivyo katika kila cherehani niliyowahi kuiona. Katika picha uliyo nayo, gurudumu liko mkono wake wa kushoto. Mfuko wa shati nao umehamia kifua cha kulia. Vitu hivi viwili vimekuwa mbele ya macho yetu tangu tukiwa watoto. Wewe uliviweka ukutani kwako, mimi niliviona kila sikukuu kabla hujaondoka na picha, na siku zote nilijiambia kwamba Baba alijipanga tu mbele ya kamera. Kanvasi yangu, yenye kosa, ndiyo inayoonyesha gurudumu mahali pake.

Kwa hiyo sikurudi kwa Vikram kuchapa upya. Jana nilikwenda kumwomba radhi, akanipa chai na hakunitania, jambo ambalo ningelistahili. Debra ananitania kwa niaba ya wote wawili.

Nimepaka gundi mara mbili zaidi juu ya kanvasi, nyembamba, kwa kulinda wino, kisha nikaitundika upande wa kushoto wa ile saa, kwa urefu wa macho ya mtu aliyeketi. Nilipima. Ukiingia sebuleni utadhani Mama anangoja saa fulani ifike, jinsi anavyoikazia macho. Haangalii saa. Jana jioni nilimwuliza kama angependa pia nakala iliyo kama ile ya zamani, ili azizoee zote mbili. Akasema hapana, ile Nasir alimtumia baba yake, hii ni ya mkewe.

Sasa nirudi kwa Zamzam. Yeye ni mtoto wako, na mkono wake utauamua wewe na mama yake. Mimi siingii hapo. Naomba jambo moja tu, ambalo ni la haki: usimwonyeshe tena picha hiyo kuwa ushahidi. Ushahidi wake ni mwingine kabisa, kwamba mtoto aliyefungwa uzi alikua akawa fundi, na akamtumia baba yake furaha aliyoitaka, huku mkasi ukiendelea kukata kwa mkono uleule. Nimetia katika bahasha picha ndogo ya kanvasi niliyoipiga kwa simu. Mwekee hizo mbili kando kwa kando, umwachie atafute mwenyewe gurudumu la cherehani.

Mama anakusalimu, anasema usichelewe sana kuja, na anataka ukija uje naye Zamzam amsomee barua kwa karibu. Debra anakusalimu japo hajakuona. Absalom ameniuliza kama kipimo chake cha pembe kiko salama, nimemjibu kiko. Nisalimie Mwanaidi sana, na umwambie kuhusu kile kikohozi.

Mwenyezi Mungu awalinde huko ugenini, awape riziki yenye utulivu, na atukutanishe sebuleni humu Mama akiwa bado anaweza kutupata kwa pembe ya jicho.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Subira.