Maombi ya Saa Moja na Sikio la Nduma

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema, "Mama, kuna kitu nataka kukuambia," unasema, "Tuombe kwanza," na tukimaliza kuomba wale mapacha wa binti yako Wairimu wameshaamka na huko Uingereza kazi imeanza. Kwa hiyo leo nimekaa hapa dukani Gatitu, cherehani imenyamaza, sketi ya sare ya mtoto wa watu inasubiri zipu, na mimi naandika. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu leo hii, kisha naiacha wazi, isomwe na yeyote wa kikundi chenu cha akina mama kule Giakanja, maana nusu ya habari wanayo tayari. Wewe ndiye uliyewapa. Wacha sasa wapate nusu iliyobaki.

Jumapili natakiwa kutoa ushuhuda kanisani. Mwenyekiti wa kikundi alikuja dukani mwenyewe, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Nyawira, tumesikia vile Mungu amekutembelea. Mama Muriithi ametuambia yote. Jumapili utatupatia ushuhuda, si ndio?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni, sikuweza kujibu, naye akachukua ule ukimya kuwa unyenyekevu. Ndiyo maana nataka wewe uwe wa kwanza kusikia ukweli, kabla sijasimama mbele ya watu.

Unakumbuka siku mwanao Muriithi aliponileta kwako mara ya kwanza? Uliweka chai mezani, na nduma, na viazi vitamu, ukanitazama, ukasema, "Mgeni atuombee." Nikafumba macho nikasema, "Asante Mungu kwa chai, amina." Nilipofumbua, wewe ulikuwa bado umefumba yako, unangoja sehemu iliyobaki. Halafu ukavuta pumzi, ukaanza upya. Ulishukuru kwa usingizi wa jana na mvua ya juzi. Uliwaombea wagonjwa, wasafiri, walimu, serikali, na ile barabara ya kuteremka mtoni. Uliwaombea ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Chai yangu ilifanya utando wa maziwa, na utando ukakunjamana, nawe bado hujafika kwa kuku.

Nilifungua jicho moja nione kama ni mimi peke yangu ninayeteseka. Juu ya mapaja yako alikuwa amelala yule paka wako wa kijivu, kijivu hasa cha nduma iliyochemshwa, ndiyo maana ukamwita Nduma. Alikuwa amelegea kama nguo iliyoanuliwa kambani. Ulipotamka "amina" tu, akaamka, akajinyoosha, akaruka chini. Nilimwona siku ile, nikacheka moyoni, nikasahau.

Baadaye, nilipokuwa mke wa nyumba, niliijua ile orodha yako mwanzo hadi mwisho. Hata mimi nilikuwemo. "Na huyu mke wa Muriithi," ndivyo ulivyokuwa ukisema, baada ya ng'ombe na kabla ya kuku. Nilimlalamikia mwanao, akacheka hadi akakohoa. "Shukuru hauko nyuma ya kuku," akaniambia. Nami nikacheka. Lakini iliniuma, Mama, na leo nakuambia wazi kwamba iliniuma.

Ulipoondoka kwenda kumsaidia Wairimu kulea, ulisema ni miezi sita. Sasa ni mwaka na nusu. Pale langoni ng'ombe ulimkabidhi Muriithi, funguo za ghala ukampa Muriithi, na mimi ukanikabidhi paka. "Asipotee, na msimpige," ukasema, ukaingia kwenye gari. Wengine wangenuna. Mimi nilihesabu kuwa hatimaye nimepewa kitu.

Basi Nduma akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa kukamuliwa. Anakula, anamaliza, na bado anakonda. Halafu akaanza kutembea vibaya, visigino vya miguu ya nyuma vikigusa chini. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni nikampeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Foleni nzima ilikuwa ya watu wa ng'ombe na nguruwe. Mzee mmoja aliyekuja kuulizia dawa ya kupe aliinua kifuniko, akachungulia, akasema, "Ati paka? Si hii huwa inajitibu yenyewe?" Daktari, msichana mdogo aliyevaa gambuti, hakucheka. Alimpima damu, akaniambia ni ugonjwa wa sukari.

"Kama wa mama mkwe wangu?" nikamuuliza.

"Kama wake tu," akasema. "Amekuwa akikula nini?"

Sikulaumu kwa yale mandazi uliyokuwa ukimchovyea kwenye chai, Mama. Nasema tu kwamba daktari aliuliza, na mimi nikatazama dari.

Akanipa masharti. Asipewe tena ugali wala maziwa, ila nyama peke yake. Insulini asubuhi na jioni, kiasi kidogo sana. "Na hii dawa ikizidi itamuua haraka kuliko hiyo sukari," akaniambia. "Kwa hivyo lazima umpime nyumbani kila asubuhi kabla ya sindano, na umpime akiwa ametulia. Paka ikiogopa, sukari inapanda tu yenyewe. Utadhani ni ugonjwa, umwongezee dawa, umpoteze." Akanionyesha: unapasha ukingo wa sikio kwa kitambaa cha moto, unaweka pamba kwa nyuma, unachoma kidogo, tone linatoka dogo kama kichwa cha pini, kisha unaligusisha kwenye kijiti cha kimashine nacho kinalinyonya.

Siku ileile ulipiga simu. "Paka wangu anaendeleaje?" ukauliza. "Mzima, Mama," nikasema. "Ananenepa." Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Nilikuwa nimepewa kitu kimoja tu nikitunze, na hicho kimoja kilikuwa kinaniishia mikononi. Niliogopa.

Nilichukua kile kimashine chako cha zamani ulichokiacha kwenye droo, nikanunua vijiti vipya. Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Mimi ni fundi wa nguo, sindano na mimi tumezoeana. Muriithi akamshika Nduma kwa taulo. Huyu mwanao huchinja mbuzi huku akipiga mluzi, lakini alipoona tone la damu kwenye sikio la paka alienda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, kichwa katikati ya magoti. Nduma naye akapanda pazia. Tulipomshusha, mimi nina mikwaruzo hadi kwenye kiwiko, kimashine kikasoma ishirini na saba. Nikampigia daktari karibu nilie. "Hiyo ni sukari na hasira pamoja," akasema. "Usiongeze dawa. Tafuta njia ya kumtuliza."

Nikatafuta. Nilimwimbia, akaenda zake. Nilimkuna shingo, akanipa sekunde tano. Asubuhi ya nne nilikuwa nimemweka kwenye meza ya jikoni, kitambaa cha moto mkononi, masikio yake yamelala nyuma kwa ubaya, simu ikalia. Ulikuwa wewe. Mikono yangu ilikuwa na kazi, kwa hiyo nikaiweka kwenye spika. Hukusalimia hata kidogo, ulianza moja kwa moja kuomba, kwa Kikuyu, kwa ile sauti yako ya chini. Kabla hujawafikia wagonjwa, Nduma alikuwa amejilaza ubavu. Ulipofika kwenye serikali nikachoma sikio. Hakutikisa hata sharubu. Kumi na nane. Ukasema "amina," naye akainuka, akajinyoosha, akaruka chini kudai nyama yake.

Nikaiweka pamba mezani, nikaivuta simu.

"Mama," nikasema, "unaweza kuniombea kila siku saa hii? Saa moja kamili?"

"Kila siku, Nyawira?"

"Kila siku. Na usifupishe."

Saa moja yetu ni alfajiri huko kwenu, lakini wewe tangu zamani huwa umeamka. Ukakubali bila kuuliza swali. Tangu hapo kila asubuhi simu ilikaa mezani karibu na sufuria, wewe ukiomba, paka amelala, na mimi nikifuata orodha yako kama mtu anayefuata ramani: kwenye wagonjwa napasha sikio, kwenye wasafiri naweka kijiti, kwenye serikali nachoma. Nilijua pia kwamba nikifika "amina" bila tone, siku hiyo imeharibika.

Sasa nifike kwenye siku ile unayoijua. Mmoja wa mapacha alianza kulia nyuma yako, nawe ukaamua kukatisha. Ukaruka ng'ombe wote. Nikakusikia unasema, "Katika jina la Yesu," na tone lilikuwa bado halijatoka. Nikapiga kelele, "Mama, usiseme amina! Tafadhali, usimalize! Endelea!"

Sauti yako ikakatika, ukaendelea, na ukalia huku unaendelea, na mtoto wa watu akilia, na hukumjali. Tone likatoka. Kumi na mbili, Mama! Ilikuwa mara ya kwanza kushuka hadi hapo, nami nikaanza kulia pia. Ukanisikia. Tulilia pamoja, wewe kule na mimi huku, na nikikumbuka najua hakuna mtu ambaye asingeamini ulichoamini. Ndiyo siku uliyompigia simu mwenyekiti kumwambia kwamba Nyawira amekamatwa na maombi. Nilichokuwa nimekamata mimi, Mama, ni sikio la paka.

Haya, nimesema. Kama umesimama, kaa chini kwanza, maana kuna la pili na ndilo lililonifanya niandike.

Kuna asubuhi mtandao ulikataa kabisa. Ukanitumia maombi kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja. Niliucheza, Nduma akalala vilevile, nikampima vilevile. Kesho yake nikaujaribu tena kabla hujapiga. Akalala. Paka hakuwa na haja nawe, alitaka sauti tu, na sauti ilikuwa imo kwenye simu yangu. Kuanzia siku hiyo ningeweza kukuacha upumzike. Ningesema nimeridhika, asante, tuonane Krismasi.

Sikusema. Katika ujumbe ule, baada ya wagonjwa, kabla ya wasafiri, mbele kabisa ya ng'ombe, ulisema, "na Nyawira wangu." Ile asubuhi ya pili ndipo nilipolisikia, nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilikuwa na kijiti mkononi na damu inakauka, nikarudisha tena mara ya tatu. Nimekuwa mke wa nyumba ile miaka saba, Mama. Nilisahau kumpima paka.

Na Nduma amepona. Sijui utaamini, lakini daktari anasema paka wengine, wakiwahiwa na wakila vizuri, mwili hukumbuka kazi yake wenyewe. Ni wiki sita sasa hapigwi sindano. Anasoma tano, anasoma sita. Visigino vimeinuka, na juzi amemfukuza jogoo hadi kwa jirani. Namchungulia sikio Jumatatu tu, na kwa hiyo kazi ujumbe wa sauti unatosha.

Lakini Jumanne napiga simu. Jumatano napiga. Saa moja kamili nakaa kwenye meza ya jikoni, Nduma yuko nje juu ya nguzo ya ua anaota jua, na mimi sina kitambaa, sina pamba, sina kijiti. Mikono sijui hata niiweke wapi. Wewe unaomba na chai yangu inafanya utando, na sifungui jicho. Hilo ndilo nililokuficha, na limenipa aibu kuliko la paka, kwa sababu sijui nililipataje. Huenda wewe na mwenyekiti mmesema ukweli kwa bahati tu, nami ndiye niliyechelewa kujua.

Jumapili nitasimama nieleze yote, kuanzia taulo. Wakicheka, wacheke, hata mimi nitacheka. Ninachoogopa ni wewe. Ukiona uongo wangu unatosha kunirudisha nyuma ya ng'ombe, nirudishe. Hata nyuma ya kuku nitakaa, nitapazoea. Ila usinitoe.

Kesho ni Ijumaa, si siku ya kupima. Nitapiga saa moja kamili. Usifupishe.

Ni mimi, mke wa Muriithi,
na kama bado unakubali, Nyawira wako.