Shetani Hakufunga Ule Mpira

Jumatatu, Gishubi. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, migomba inameremeta, na mimi nina hasira mpaka chai imenishinda kumeza.

Nimepiga magoti nikaomba, nikainuka na hasira yangu ileile. Basi acha niandike.

Pikipiki yangu imekaa juu ya mawe hapa uani. Gurudumu la nyuma nimelitoa. Pembeni, juu ya gunia, kuna kipande cha mpira wa tyubu kilichokatika. Hicho ndicho kilichokuwa breki yetu jana, mimi na mama yangu.

Nianze mwanzo. Kaka yangu mkubwa, Yona, analima Buhinyuza, kule Muyinga. Aliniomba pikipiki akasombee mahindi yake. Ni mkubwa wangu. Baba alipofariki tukiwa wakimbizi kambini Tanzania, yeye ndiye aliyetulea, kwa hiyo sikuwa na neno. Ijumaa akairudisha. Kwetu ukiazima kitu cha mtu hukirudishi hivihivi, unakirudisha na shukrani. Wengine huleta ndizi. Yona aliniletea pikipiki iliyobadilishwa.

Kazi aliifanya mwenyewe, uani kwake. Alirefusha vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma, akatoa shokapu zangu akafunga za bajaji, ngumu kama mawe, ili ibebe magunia bila kulala. Hakuniuliza. Alisimama kando yake akitabasamu, akasema, "Mi nimekupa pikipiki ya mwanaume, mdogo wangu. Sasa iko nguvu."

Nikamshukuru. Tena nakiri, ilivyoinuka nyuma ilinipendeza. Niliizungusha hapa mtaani nikijaribu breki, ikashika vizuri tu. Nilikuwa peke yangu, na hapa kwetu ni tambarare.

Jana Jumapili nilimpakia mama kwenda kanisani. Yona, aliyekuwa amelala kwetu tangu Ijumaa, alitangulia kwa miguu. Kwenye mteremko wa kanisa nikakanyaga breki ya nyuma. Kitu kikakatika, chuma kikapiga kelele, na pedali ikalegea chini ya mguu wangu kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Mama hakupiga yowe. Alinikamata kiunoni akaanza kumwita Yesu polepole, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Nikabana breki ya mbele kidogo kidogo, nikaielekeza kwenye ukingo wa udongo, tukaangukia kwenye mihogo ya watu.

Mama ameteguka mkono. Leo hawezi kumenya hata kiazi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Tulimalizia njia kwa miguu mpaka kanisani, na wakati wa shuhuda Yona alisimama. Alieleza kwa machozi jinsi Shetani alivyotaka kummaliza mama yetu siku takatifu, na jinsi alivyoshindwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akatuombea, akamkemea adui wa barabarani. Nami nikasema amina kwa sauti, kwa sababu sikujua.

Leo nimefungua gurudumu.

Breki ya nyuma ina mkono wa chuma unaoizuia isizunguke pamoja na gurudumu. Yona aliporefusha nyuma, mkono ule haukufika tena kwenye tundu lake. Angetengeneza mwingine mrefu. Angemuuliza fundi. Yeye akakata mpira wa tyubu, ule tunaofungia magunia, akafunga pale kwa mafundo mazuri kabisa, kisha akapaka grisi juu yake.

Mpira. Kwenye breki. Na nyuma amekaa mama yake mzazi.

Naamini ni Mungu aliyetushika kwenye ule ukingo. Hilo siliondoi. Lakini Shetani hakukaa uani Buhinyuza akikaza mafundo. Hata yeye akisingiziwa, uongo ni uongo, na huu umesemwa mbele ya madhabahu.

Yona alikuwa ameshaondoka na basi la asubuhi, nikampigia simu. Nikamsalimia kwa heshima yake yote, nikamweleza nilichokiona.

"Mi nilifunga muzuri," akasema. "We ndo ulikanyaga na nguvu."

Nilikanyaga kwa nguvu. Breki!

Halafu, kama anayenibembeleza, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mbona pikipiki ya mwalimu wao wa kwaya amemfungia hivyohivyo na haijamsumbua. Na za vijana wanaobeba abiria pale sokoni kwao. Mwalimu yule namjua, ila namba yake sina. Mke wake ana mimba kubwa, na Jumatano humpeleka kliniki kwa pikipiki hiyohiyo. Nikamwambia Yona awaonye leo hii. Akasema watamcheka. Kisha akanishauri niombe sana, kwamba hasira haitoki kwa Bwana, akakata simu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa kitenge, anasikia kila kitu. Nilidhani atanizuia, maana kugombana na mkubwa hapendi kabisa. Akasema tu, "Nenda. Ila usiende mikono mitupu, ni kaka yako." Sasa hivi anachagua viazi kwa mkono mmoja, anavitia kwenye mfuko.

Kesho mapema napanda basi la Muyinga. Nitabeba viazi, spana na ule mpira. Nitamsalimia Yona, nitamkabidhi viazi vya mama, kisha atanipeleka nyumba kwa nyumba, kwa mwalimu kwanza, na kila breki tutaifungua pamoja mbele ya mwenyewe. Akikataa, nitakwenda peke yangu, na Jumapili nitasimama kanisani kwao nitoe ushuhuda wangu, mpira ukiwa mkononi. Mungu anisamehe, kuna upande wangu unaotamani akatae.

Kutoka Muyinga mjini mpaka Buhinyuza nitapanda pikipiki ya abiria. Kabla sijakaa nitainama, nichungulie gurudumu la nyuma. Dereva acha anicheke.