Umemzika Mama Akiwa Hai

Magwagwa

Mpendwa mdogo wangu Nyabuto,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini u mzima hapo Nyanchwa na kazi inaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Hata Mama hajambo, yule uliyemzika.

Usijifanye huelewi. Jumatano tulikuwa tukichuma majani chai, mimi na Mama, gari likasimama barabarani. Wakashuka watu wa ofisi yenu na unga na sukari, mbele yao mwanamke aitwaye Emily, wakamwuliza Mama nyumbani kwa marehemu mamake Nyabuto ni wapi. Walisema umepewa ruhusa ya kumzika, nao wakaona vibaya kukaa bila kuja kukupa pole.

Kama ulitaka kupumzika, ungeomba likizo kama watu wengine. Ulishindwa hata kusingizia tumbo? Ukaona wa kuua ni Mama! Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, utanisamehe mwandiko.

Nilifungua mdomo niseme ukweli, Mama akaniwahi. Akawaambia wamefika, kwamba marehemu ni dada yake mkubwa aliyekulea, na kwamba umetoka kuwaarifu jamaa kule Nyaramba. Dada mkubwa yupi? Mama ni kifungua mimba! Akawapikia chai. Wakaimba, wakatuombea faraja kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Sabato ilikuwa ya meza ya Bwana. Unajua kabla ya kushiriki, Mama na jirani yetu Kwamboka huoshana miguu tangu tukiwa wadogo. Safari hii Kwamboka alipomletea beseni, Mama alikataa kuvua viatu, akasema hafai. Shemasi mzima, amebaki peke yake kwenye benchi, kanisa lote linamtazama. Sasa anasema Sabato ijayo atasimama mbele aungame uongo wake, na jina lako hatalitaja.

Basi sikia. Leo asubuhi nimempigia Emily kwa namba aliyotuachia nikamweleza yote. Akauliza kama yule mama aliyewapa chai ndiye mama yako. Nikamwambia ndiye. Mama hajui kwamba nimesema, na akiniuliza sitamficha. Watakalokufanyia ofisini ni shauri yako. Wewe njoo Sabato, usimame kabla yake.

Wasalimie majirani wa hapo. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama unakula vizuri.

Dada yako,
Mong'ina