Nahodha Aliyetutupa Chula

Chula, Ijumaa, 1991

Mpaka sasa nina hasira. Nahodha alituahidi Mombasa, akatushusha kisiwani hapa akisema, "Mashine imeharibika, ngojeni." Tulipogeuka alikuwa ameshang'oa nanga, mashine inanguruma, nafasi zetu kawapa jamaa zake. Mtu mzima kumdanganya mjane kama mama yangu!

Mimi na mama tulibaki mchangani na mafurushi yetu, hadi mwanamke mmoja, Mwana Esha, akatuita kwake. "Ingieni, leo namsomea marehemu mume wangu khitma." Niliingia shingo upande. Mimi nilitaka chombo, sikutaka kisomo.

Mama alikuwa hajatamka neno tangu wenye bunduki wamuue baba mlangoni kwetu Kismayu. Wanawake waliokusanyika mle walipomaliza kusoma Yasini, Mwana Esha akauliza, "Tumwombee nani mwingine?"

"Athumani wangu," mama akasema. Kwa sauti yake mwenyewe.

Chumba kizima kiliitikia amin. Mwili ulinisisimka, nikalia kwa furaha, nikahisi Mungu yumo mle ndani pamoja nasi.

Nahodha sijamsamehe, wala sijui tutaondokaje. Lakini mama bado anamsimulia Mwana Esha habari za baba, nami sitaki anyamaze.